Mtani alipolala mlangoni ili jeneza la askari lisitoke: Kasokola, miaka ya tisini

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, ya kwenu nimeipokea hata kabla hamjaitoa.

Hii ninayoleta ilitokea nikiwepo, tena nikiwa nimeshika mpini wa jeneza kwa mkono wangu. Kwetu chumvi inatoka Uvinza, si mbali sana, ila humu sijatia hata punje. Walioshuhudia bado wapo, na mmoja wao ninajua anasoma humu kimyakimya bila hata kugonga like.

Kilichonifanya niandike ni ule uzi wa juzi. Kuna mkuu alipendekeza utani misibani upigwe marufuku, eti ni ushamba na ni kumvunjia marehemu heshima. Nikaanza kumjibu kulekule, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe.

Basi kaeni vizuri.

Tunarudi miaka ya tisini. Mpanda bado ni wilaya tu ndani ya mkoa wa Rukwa. Ukisema Katavi, watu wanajua unaongelea mbuga na viboko. Ukitaka kutoka, unapanda treni ya Tabora kupitia Kaliua. Usipoipata, unarudi nyumbani unalala.

Mimi nilikuwa fundi baiskeli pale Kashaulili, Mpanda mjini, jirani na soko. Nimeoa, nina mtoto mmoja na mdomo mrefu. Mtoto amekua, mdomo haujapungua.

Mama yangu alikuwa na dada yake, anaishi Kasokola, mkulima wa mahindi na karanga. Huyo ndiye mama mkubwa wangu. Alikuwa na mabinti walioolewa, na mtoto mmoja wa kiume, Deo. Vijana wa mjini mtasema Deo ni binamu yangu. Kwetu mtoto wa mama mkubwa ni kaka, hayo ya binamu tunawaachia nyie.

Deo aliingia jeshini. Kambi siitaji, haina faida kwenye stori hii. Alikuwa anarudi likizo na begi la kijani, anashinda shambani na mama yake, halafu tunampeleka stesheni. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo pale nyumbani mwanaume alikuwa yeye, hata akiwa mbali.

Mwaka huo mvua zilizidi. Mkoa mwingine kabisa, mbali na kwetu, mto ulivunja kingo na kuzingira vijiji. Jeshi likapelekwa kutoa watu kwa mitumbwi. Deo na wenzake walishavusha wengi, wazee, watoto, mpaka mbuzi. Safari moja mtumbwi ukabinuka. Wenzake waliogelea wakatoka. Deo alikuwa ameshika mtoto wa watu, akamsukuma mpaka akadakwa na waliokuwa kwenye mti.

Mtoto alipona. Deo maji yakaenda naye. Walimpata siku kadhaa baadaye, chini kabisa ya mto.

Habari ilifikia wilayani, wilayani wakamwita Mjomba Gaspari. Huyu ni kaka yao mama zetu, ndiye mkubwa wa ukoo, mtu wa kanisa, mtu wa ratiba. Akanipitia kijiweni, tukaenda Kasokola kwa baiskeli.

Mama mkubwa tulimkuta anapukuchua mahindi. Mjomba akamkalisha vizuri, akamwambia taratibu, kama inavyotakiwa.

Akauliza, "Gaspari, umemwona?"

Mjomba akasema, "Bado dada. Wanamleta na treni."

"Basi nikimwona nitalia."

Akaendelea kupukuchua.

Wakuu, mimi nimeona misiba mingi. Nimeona watu wakizimia, wakigaragara, wakikimbilia visimani. Sijawahi kuogopa kama siku ile, nikimwangalia yule mama anajaza ungo wa mahindi kana kwamba tumepita kumsalimia tu.

Na tulikuwa na sababu ya kuogopa. Pale Mpanda mjini kulikuwa na mama mmoja ambaye mwanae alikwenda vita ya Kagera, hakurudi, na mwili hakuuona. Waliotoka naye walimwambia mwanao alizikwa hukohuko kwa heshima zote. Hakukubali. Kila treni ikiingia alikuwa stesheni, kavaa vizuri, anaangalia milango ya mabehewa. Mafundi na wauza karanga wote tulimzoea. Sasa tukawa tunajiuliza kama mama mkubwa naye ndiyo anaanza njia hiyo.

Hilo ndilo lililokuwa linatunyima usingizi. Deo alishaondoka, hakuna wa kumrudisha. Aliyebaki wa kuokolewa alikuwa mama yake.

Treni ikafika asubuhi. Askari wakashuka wachache, wakiongozwa na Luteni. Kijana mdogo tu, mtanashati, sare imepigwa pasi mpaka ile mikunjo ungeweza kukatia nyanya. Pamoja naye alikuwepo Koplo Shabani, mtu wa makamo, mpole, macho mekundu. Jeneza lilikuwa limefunikwa bendera ya taifa.

Wapagazi walivua kofia. Nakumbuka hata wauza karanga, ambao huwa hawaachi abiria apumue, walisogea nyuma.

Nataka niwe mkweli hapa, Luteni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu, alimpigia saluti Mjomba Gaspari mpaka Mjomba akachanganyikiwa akamjibu kwa ishara ya msalaba. Tatizo lake lilikuwa moja. Alikuja na heshima ya aina moja tu, ile ya kwenye kitabu cha jeshi.

Tukapakia kwenye pikapu ya parokia, tukaenda Kasokola.

Kule nyumbani palishajaa. Wasukuma wa upande wa pili wa bonde walileta maziwa. Warundi wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, walikuja na maharage na kwaya yao, na kwaya ile wakuu ilikuwa haina mpinzani wilaya nzima. Na watani walishafika.

Kwa wasiojua: sisi Wafipa, Wanyamwezi ni watani wetu. Mtani msibani ana kazi yake. Anapika, anateka maji, na anatukana. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anazuia njia, anawadai wafiwa vitu vya ajabu. Na sheria kubwa ni kwamba hakuna kununa. Ukimkasirikia mtani msibani, wewe ndiye uliyeharibu msiba.

Mtani wetu mkuu alikuwa Mama Kalunde, muuza dagaa pale soko la Mpanda. Mnyamwezi wa Urambo, mwili umejaa, sauti ya kusikika mpaka Kakese. Kila Mfipa aliyepita mbele ya meza yake alikuwa anaitwa mtumwa, na dagaa anaongezewa.

Pikapu iliposimama, askari wakashuka wakajipanga. Luteni akatoa amri, wakaanza kutembea ule mwendo wa pole na jeneza.

Mama Kalunde akatokea jikoni na mwiko wa ugali begani kama bunduki. Akajiunga nyuma ya mstari.

"Kushoto! Kulia! Mtazameni Mfipa, jeshini miaka yote hajajua mguu wa kushoto ni upi! Na bado mkampa bunduki nyie, hamuogopi?"

Watu wakacheka huku wanalia, ndivyo tulivyozoea. Luteni hakucheka. Niliona taya lake linacheza. Akamwuliza Mjomba kwa sauti ya chini, "Mzee, huyu mama ana akili timamu?"

Mjomba akasema, "Ni mtani, afande." Alivyosema hivyo alidhani amemaliza kueleza. Luteni alitokea sehemu ambayo hayo mambo hayapo, au yalishakufa. Kwake yule alikuwa mwanamke anayekejeli bendera ya nchi.

Jeneza likaingizwa sebuleni, likawekwa juu ya mkeka.

Mama mkubwa akaja, akasimama mbele ya Luteni. Mwanamke mfupi, inabidi ainue uso.

"Baba, nifungulie nimwone."

Luteni akapiga magoti kabisa, hilo nampa sifa. Akamweleza kwamba maji yalikaa naye, haifai, daktari amekataza, jeneza limefungwa na halitafunguliwa. Akasema, "Mama, mkumbuke alivyokuwa."

Mama mkubwa akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa. Wote tukashusha pumzi. Tulijua hajaridhika, lakini tulijua pia hakuna namna.

Ndipo ikaja zamu ya wasifu.

Luteni akasimama uani, akakunjua karatasi. Alisoma vizuri, Kiswahili kimenyooka. Marehemu alikuwa askari mtiifu. Marehemu alikuwa msafi. Marehemu alikuwa mnyenyekevu, wa kwanza kuamka, wa mwisho kulala, mwenye nidhamu ya hali ya juu, asiye na doa lolote katika utumishi wake wote.

Mimi niliyesimama karibu na mlango nilimwona mama mkubwa anavyobadilika uso kila sentensi.

Akanyanyuka.

"Baba, samahani. Umesema hana doa?"

"Ndiyo mama. Hakuwa na doa."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama." Luteni alisema hivyo kwa fahari, alidhani anampa zawadi.

Mama mkubwa akageukia watu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, wamebeba wa mtu mwingine. Huyu siye Deo. Mtafuteni mama yake, naye huko aliko anamngoja."

Kisha akaingia ndani, akakaa kwenye mkeka pembeni ya jeneza. Akasema, "Nitamtunza mtoto wa wenzangu mpaka wenyewe waje."

Kwaya ya Warundi iliyokuwa inajiandaa kuanza wimbo ikabaki midomo wazi.

Dada zake Deo wakaingia kumbembeleza. Hakufoka, hakulia. Aliwajibu kwa upole kuwa wao ni watoto, hawajui. Katekista akaingia, akatoka anatikisa kichwa. Mjomba Gaspari naye akaingia, akatoka na jasho.

Jua lilikuwa linapanda, kaburi lilikuwa tayari, askari wamesimama juani. Mjomba akaona aibu ya ukoo mzima imemkalia kichwani. Akasema, "Tunatoa jeneza. Akikataa, akina mama watamshika. Atakuja kuelewa mbele ya safari."

Mimi nikasema, "Mjomba, tukizika hivi hataelewa mpaka anakufa." Akaniangalia lile jicho la kunikumbusha kuwa mimi ni fundi baiskeli.

Askari wakaingia, na sisi ndugu wawili watatu tukashika mipini. Tukanyanyua. Mama mkubwa hakutuzuia, alibaki amekaa anatutazama tunavyomchukua mtoto wa watu. Tukageuka kuelekea mlangoni.

Mlangoni pameziba.

Mama Kalunde alikuwa amelala chali kwenye kizingiti, kichwa nje, miguu ndani, mwiko kifuani.

Luteni akaja kwa nje. "Mama, tafadhali tupishe."

"Sipishi."

"Mama, hii ni shughuli ya kijeshi."

"Na hii ni ya kwetu. Babu zangu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo, nyie sanduku moja tu mnatoa jasho? Lishusheni chini mpumzike."

Tukalishusha kweli.

Luteni akawageukia askari wake, na mimi nikaona anafikiria kutoa amri ya kumnyanyua. Mjomba Gaspari, pamoja na hasira zake zote, akamshika mkono haraka. "Afande, usithubutu. Mtani haondolewi kwa nguvu. Mpe chochote atoke, ndiyo desturi."

Luteni akaingiza mkono mfukoni.

"Rudisha," Mama Kalunde akasema, hata hajamwangalia. "Hela naipata kwenye dagaa. Nataka kosa."

"Kosa gani?"

"Kosa la huyu mliyemleta. Moja tu linanitosha. Mimi Wafipa nimekaa nao uzee huu wote, sijaona asiye na doa. Na Deo nimemtukana tangu hajaota meno. Nitajieni kosa lake, mpite."

Luteni akasimama wima. "Mama, sisi jeshini marehemu hatumsemi vibaya."

"Sisi tunamsema. Usipomsema, mama yake atamjuaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule mama alilala pale. Hata Mjomba alielewa, nilimwona anavua kofia.

Luteni aliangalia karatasi yake, na karatasi haikuwa na msaada. Inawezekana hata yeye hakumjua Deo kihivyo. Mkubwa hawezi kujua mambo ya bwenini.

Koplo Shabani akasogea. "Afande, naomba ruhusa niongee."

Luteni akamtazama. Akaitikia kwa kichwa.

Koplo akavua bereti, akachuchumaa pale kizingitini, kichwa cha Mama Kalunde kiko hapo chini yake, yeye anaongea na giza la ndani.

"Mama, mimi kitanda changu na cha Deo vilikuwa jirani. Nasema ukweli mbele ya wakubwa zangu. Deo alikuwa mwizi."

Watu wakaguna. Dada mmoja wa Deo akasema, "Yesu wangu."

"Mwizi wa ukoko, mama. Ule ukoko wa ugali unaogandia chini ya sufuria. Mpishi akigeuka tu, Deo ameshaingiza kichwa kwenye sufuria, miguu inaonekana. Ikabidi jikoni wawe wanaweka mlinzi wa masufuria kwa ajili yake. Ikafika siku zamu ya ulinzi ikamwangukia Deo mwenyewe. Siku hiyo masufuria yote yalikuwa hayahitaji kuoshwa."

Kwa nje kuna watu wakaanza kucheka.

Halafu sauti ya mama mkubwa ikatoka kule ndani, ndogo. "Na akiulizwa?"

"Anakataa, mama. Anakataa huku anatafuna."

"Mkono anaweka wapi?"

Koplo akafikiri kidogo. Akainua mkono wake wa kushoto akauweka kisogoni. "Hapa, mama. Anajikuna hapa, anaangalia juu, anasema labda ni panya."

Nikasikia kitu kama kikohozi. Mimi nilikuwa ndani, hatua chache kutoka kwake, na nilidhani amepaliwa. Alikuwa anacheka. Mama mkubwa alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, mkono umeziba mdomo.

"Panya," akasema. "Alikuwa ananiambia hivyohivyo. Miaka yote nilikuwa natega mitego ya panya humu ndani."

Akasogea kwa magoti mpaka kwenye jeneza, akalaza kiganja juu ya bendera.

"Ndiyo yeye. Ndiyo huyu. Ndiyo Deo wangu."

Na kicheko kikageuka. Sijui kiligeukia wapi, sikuona mpaka. Alilia wakuu. Alilia kilio cha siku zote alizokuwa anapukuchua mahindi. Akina mama wote uani wakapokea, kilio kikasambaa bondeni kote, mpaka ng'ombe wa Wasukuma wakaitikia.

Mimi nililia. Mjomba Gaspari, mtu wa ratiba, alilia ameegemea ukuta. Na sioni aibu kusema kwamba nililia kwa furaha pia, maana nilijua mama mkubwa hatatupotea.

Mama Kalunde akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akaingia ndani akamkumbatia mwenzake. Walikaa pale sakafuni wameshikana mpaka walipotosheka. Kisha Mama Kalunde akatutazama tuliosimama kama nguzo, machozi yanamtoka na yeye, akasema, "Haya nyie mnangoja nini? Mbebeni mwizi wenu."

Tukambeba.

Maziko yalikwenda kijeshi kabisa na mama mkubwa aliyafuata yote, wima, akiwa ameshikwa mikono na mabinti zake. Tarumbeta ikapigwa. Risasi zikapigwa hewani, kunguru wa Kasokola yote wakahama. Luteni akakunja bendera, akapiga magoti kumkabidhi mama. Ile hotuba iliyotakiwa kusemwa pale hakuisema.

Alisema, kwa sauti ya chini, na nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu: "Mama, alikuwa ananiiga sauti. Nilimpa adhabu ya kufyeka majani. Akafyeka siku nzima huku ananiiga."

Mama mkubwa akamshika shavu. "Alimwiga mpaka padri, mwanangu. Usimkasirikie."

Yule kijana akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anajikaza, lakini kidevu kilimsaliti.

Treni ya kurudi Tabora ilikuwa bado, kwa hiyo walikaa na sisi siku za matanga. Na hapa ndugu zangu naomba nisimame kidogo.

Watu wengi wanadhani heshima kwa aliyekufa akilitumikia taifa ni mizinga na mashada. Ni vizuri, siyadharau. Lakini mimi niliona heshima nyingine. Niliona askari wakipasua kuni za msiba. Niliona Koplo Shabani amevua shati anaezeka upya banda la jikoni lililokuwa linavuja, kazi ambayo Deo aliahidi kuifanya likizo ijayo. Niliona Luteni, na pasi zake zote, anapukuchua mahindi kwenye ungo mmoja na mama mkubwa, vidole vimemtoka malengelenge. Mama Kalunde alipita akamwambia, "Afande, wewe ukifa tutakuwa na la kusema, mahindi hujui." Na safari hii Luteni alicheka mpaka akafunika uso.

Mama mkubwa alianza kula. Siku ya kwanza uji, siku ya pili ugali. Jioni moja alikomba sufuria mwenyewe, akauweka ukoko kwenye sahani, akampelekea Koplo pale alipokaa na wanaume. Koplo aliupokea kwa mikono miwili.

Siku ya safari tulikwenda wote stesheni. Mama mkubwa alitaka kwenda, hakuna aliyembishia.

Askari walishapanda, wamejaa kwenye dirisha moja. Yeye akasimama chini, akawaita wote wasogee.

"Wanangu, nawashukuru. Mmemleta mwanangu, nimemzika, najua alipo. Ila nina neno moja, na wewe afande mkubwa ulisimamie."

Luteni akasema, "Ndiyo mama."

"Nyie kazi yenu ni hii. Mungu awalinde, lakini kazi ni hii. Kabla hamjafika Tabora, kila mmoja awaambie wenzake kosa lake moja, lile ambalo mama yake analijua. Siyo makosa ya jeshi. La nyumbani. Ili siku ikitokea, atakayempeleka kwao awe na la kumwambia mama. Msimfanyie mama mwingine kama mlivyotaka kunifanyia mimi."

Hakuna aliyecheka. Luteni akajinyoosha pale dirishani, akampigia saluti, na mkono hakuushusha mpaka treni ilipokata kona.

Yule mama wa stesheni, niliyewaambia, alikuwepo kama kawaida yake. Sitasema zaidi juu yake, nilimheshimu na naendelea kumheshimu.

Msimu wa kuvuna, Koplo Shabani alikuja. Likizo yake, amekuja na mkewe, kutoka huko pwani kwao mpaka Kasokola, kuvuna mahindi ya mama mkubwa. Na akaja tena mwaka uliofuata, na mwingine, mpaka watu wakawa wanadhani ni mkwe.

Ule mwaka wa kwanza, tumekaa tunakunywa maji shambani, nikashindwa kuvumilia. Mdomo wangu mnaujua. Nikamwuliza, "Kaka, hivi mlisema kweli kule kwenye treni?"

Akasema, "Tulisema. Mpaka Kaliua hakuna aliyefungua mdomo. Halafu Luteni akaanza yeye. Baada yake wote tukasema."

"Luteni alisema nini?"

Koplo akacheka, akatikisa kichwa. Akachukua mundu wake.

"Hapana mdogo wangu. Hilo ni la mama yake. Tumemtunzia, na kila siku tunamwomba Mungu asije akalihitaji."

Basi wakuu, ndiyo hayo.

Nilichojifunza mimi ni kidogo tu. Familia iliyofiwa haihitaji malaika, inahitaji mtu wake. Sifa unaweza kumvika yeyote zikamtosha, kosa lina mwenyewe. Na yule mkuu anayetaka utani ufutwe, sina ugomvi naye, nadhani tu hajawahi kufiwa akiwa na watani wa kweli.

Sasa zamu yenu. Kama una wako aliyetangulia, awe askari, awe raia, hapo chini usituandikie kwamba alikuwa mcha Mungu na mpenda watu. Hayo tulishayasikia kanisani na msikitini.

Tutajie kosa lake moja, tumjue.